Mfinyanzi Hulia Gaeni

Siku ya soko mjini Gisenyi huamka kabla ya jua. Wachuuzi wa viazi na kabichi huteremka kutoka vilimani na mizigo vichwani. Akina mama wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Goma, huvuka na vitenge vyao. Na kutoka Ziwa Kivu huletwa sambaza, wale dagaa wadogo wapendwao na kila nyumba ya mji huo. Katika pilikapilika za namna hiyo ni rahisi mtu kumpita bibi aliyeketi pembeni kabisa, penye vumbi, na vyungu vitano tu mbele yake.

Mama mmoja, mke wa askari polisi, hakumpita. Alikuwa mgeni mjini, kwani mumewe alikuwa amehamishiwa Gisenyi karibuni kutoka mashariki ya nchi. Na nyumbani alikuwa amechoshwa na sufuria yake nyembamba iliyounguza maharage kila alipogeuza uso. Alichagua chungu cha wastani, akakigonga kwa kidole kama alivyofundishwa na mama yake mzazi, nacho kikajibu kwa mlio mkavu ulio safi, dalili ya kwamba hakina ufa. Bei haikubishaniwa sana.

"Usikiweke motoni kikavu, mwanangu," bibi alimwonya. "Kijaze maji kwanza, ukipashe moto pole pole, na siku ya kwanza usipike kitu humo. Kiache kizoee jiko. Chungu ni kama bibi arusi. Ukimkaripia siku ya kwanza, atapasuka."

Kwa kuwa mama huyo alikuwa na mtoto mgongoni na kikapu mkononi, bibi alijitolea kumbebea chungu hadi nyumbani. Walipofika jua lilikuwa kali, na bibi akaomba maji ya kunywa.

Mama mkwe wa mwenye nyumba alikuwa ameketi barazani akichambua maharage. Alimtazama mgeni, akamtambua mara moja, kisha akamwambia mkaza mwanawe kwa sauti ya chini: "Nyuma ya nyumba kuna kigae safi. Mpe kwa hicho."

Lakini binti wa nyumba hiyo, mtoto wa miaka sita, alikuwa amekwisha kutoka ndani na kikombe cha bati chenye maua, kikombe cha baba yake, kimejaa maji hadi ukingoni. Akakitoa kwa mikono miwili, kwa adabu aliyofundishwa. Bibi hakukipokea. Alichutama, akakinga viganja vyake, akasema kwa upole: "Nimiminie humu, mjukuu wangu. Nimezoea."

Maji yakamiminwa, nusu yakaishia mavumbini. Bibi akashukuru, akaaga, akaenda zake. Kilichobaki ni chungu kipya kando ya mafiga, ukimya wa watu wazima wawili, na swali la mtoto: "Mama, kwa nini bibi hataki kikombe chetu?"

MAJIRANI WASIOJULIKANA

Waswahili wana methali isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake hufahamika: fundi mara nyingi hafaidi kazi ya mikono yake. Lakini nchini Rwanda methali hiyo ilikuwa kweli tupu, wala haikuhitaji kufafanuliwa. Bibi yule ni wa jamii ya Watwa. Na kwa vizazi vingi Mtwa aliyepita nyumbani kwa watu na kuomba maji aliweza kupewa kwa kigae, yaani kwa kipande cha chungu ambacho huenda yeye mwenyewe au mama yake ndiye aliyekifinyanga kikiwa kizima.

Watwa ni jamii ndogo sana. Hukadiriwa kuwa asilimia moja ya Wanyarwanda au hata pungufu ya hapo. Wamo pia Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo. Nchini Rwanda lugha yao ni Kinyarwanda, ile ile ya majirani wao, ingawa mara nyingi hutambulikana kwa lafudhi. Wazee wao waliishi kwa msitu: waliwinda kwa mikuki, nyavu na mbwa, wakarina asali, wakachimba mizizi na kuchuma dawa. Wale wa misitu ya kaskazini-magharibi, katika milima iliyo juu ya Gisenyi, waliitwa Impunyu.

Si kwamba walisahauliwa na ufalme. Katika enzi za wafalme wa Rwanda, waitwao mwami, Watwa walipeleka ngozi, asali na pembe za ndovu kama kodi, na baadhi yao waliishi karibu na jumba la mfalme kama wacheza ngoma, waimbaji na wachekeshaji. Hata leo, palipo na sherehe vijijini, sauti na miguu ya Watwa hutafutwa. Hata hivyo, aliyeshangiliwa uwanjani hakukaribishwa kukaa mkekani. Ngoma ilipokwisha, alipakuliwa chakula pembeni, kwa chombo chake. Kuoana naye halikuwa jambo la kufikiriwa, na mahali pengine hata kisima hakushirikiana na wenzake.

Kulikuwa na hadithi iliyosimuliwa kuhalalisha mambo hayo. Ilisemwa kwamba Imana, Mungu wa kale wa Wanyarwanda, aliwapa vijana watatu, Gatutsi, Gahutu na Gatwa, kila mmoja chombo cha maziwa akilinde usiku kucha. Kulipokucha, chombo cha Gatutsi kilikutwa kimejaa. Gahutu alikuwa amesinzia na kumwaga. Na Gatwa alikuwa ameyanywa maziwa yote. Kwa kosa hilo la usiku mmoja, wajukuu wa wajukuu wa Gatwa wakahukumiwa kuwa walafi wasiofaa kukaa na watu. Msomaji mwenye busara atatambua kwamba hadithi kama hiyo haikutungwa na mwenye njaa. Ilitungwa na mwenye chombo kilichojaa.

Ukoloni haukuifuta hadithi hiyo, bali uliiandika. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwapa watu vitambulisho vilivyotaja kabila la kila mmoja, na maandishi hayo yalidumu hadi yakatumika kuwatenga watu wa kuuawa mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi Watwa nao waliteketea. Wako waliouawa, wako waliokufa kwa maradhi na njaa ukimbizini, na wako walioingia katika uovu huo kama wengine. Hukadiriwa kwamba hadi theluthi moja yao walipotea katika msiba huo. Kwa jamii ndogo kiasi hicho, hiyo ilikuwa karibu kuzima moto wa jiko.

MSITU ULIOTOWEKA

Swali la mtoto yule lina sehemu nyingine, nayo ni ya ardhi. Kwa nini watu wa msitu waketi sokoni penye vumbi?

Jibu liko juu ya mji wenyewe. Kaskazini ya Gisenyi imesimama milima ya volkano, na Karisimbi ndio mrefu kupita yote ya Rwanda, mita 4,507. Mwaka 1925 Wabelgiji walitenga eneo hilo kuwa Hifadhi ya Albert ili kuwalinda sokwe wakubwa. Ulinzi ulikuwa mwema kwa mnyama, lakini mwindaji alijikuta mhalifu katika nyumba aliyozaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya hifadhi hiyo ilikatwa ipandwe pareto, na katika miaka iliyofuata Watwa waliosalia msituni waliondolewa, wengi bila kipande cha shamba mkononi.

Kusini-mashariki ya mji ulikuwapo msitu wa Gishwati. Katika miaka ya 1970 ulikuwa na kiasi cha hekta 28,000. Katika miaka ya 1980 ulifyekwa kwa ajili ya mradi wa malisho na misonobari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Baada ya mwaka 1994 familia nyingi zilizorudi kutoka ukimbizini zilipewa makazi humo. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Bila miti, milima haikuweza tena kushika maji. Mafuriko yakawa mgeni wa kila mara katika mabonde ya Rubavu, hata Mei 2023 mto Sebeya ulipofurika na kubomoa nyumba nyingi, katika mvua zilizoua zaidi ya watu 130 nchini. Kilichokuwa hasara ya Mtwa kwanza kikawa hasara ya kila mtu baadaye. Inafurahisha kwamba mabaki ya msitu huo, pamoja na msitu wa Mukura, yalifanywa hifadhi ya taifa kwa sheria ya mwaka 2015, na miti inapandwa tena.

Msitu ulipokwisha, Mtwa alibaki na udongo. Ndipo ufinyanzi, uliokuwa kazi mojawapo, ukawa kazi pekee.

KAZI YA MIKONO MINGI

Asiyewahi kuona chungu kikifinyangwa hudhani ni kazi rahisi. Kwanza ni safari ya bondeni kuchimba udongo. Haiendi na mtu mmoja. Jirani humwita jirani, na huko huimbwa, hutaniwa, na habari za posa na misiba hupashanwa. Udongo hubebwa kichwani, mzito kama mtoto wa kunyonya mara tano. Nyumbani huondolewa vijiwe na mizizi, hutwangwa na kukandwa hata ulainike. Mfinyanzi wa Kitwa hatumii gurudumu. Huviringisha udongo kuwa kama kamba, akaupanga duara juu ya duara, akaunganisha kwa vidole na kulainisha kwa kijiwe au kipande cha kibuyu. Kisha huchukua ukili mdogo wa majani yaliyosukwa, akauviringisha shingoni mwa chungu; hapo hutokea ile michirizi mizuri ambayo watu wengi huiona kila siku bila kujiuliza ilichorwa na nani.

Baadaye chungu hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, kwa maana jua kali hukipasua. Mwisho hupangwa vyungu vingi pamoja, hufunikwa kwa nyasi kavu na kuni, na moto huwashwa mahali pa wazi. Hiyo ndiyo saa ya mashaka. Mvua ya ghafla au upepo mkali waweza kugeuza kazi ya majuma mawili kuwa rundo la vigae.

Zamani kazi hiyo ililisha nyumba. Kila jiko lilihitaji inkono ya kupikia, kila nyumba ikibindi cha maji au pombe, na wenye karamu walihitaji intango, lile pipa kubwa la udongo la kutilia pombe. Mfinyanzi alirudi kwake na maharage, mtama au viazi. Leo maji hubebwa kwa madumu ya plastiki, na sufuria huuzwa kila duka. Hata udongo wenyewe umekuwa adimu, kwani mabonde ni mali ya Serikali na mengi hulimwa na vyama vya ushirika. Anayetaka kuchimba sharti aombe au alipe. Wako wafinyanzi wanaotengeneza vyungu vya maua na majiko ya rondereza yanayopunguza kuni, na hao hupata nafuu. Lakini bibi mwenye vyungu vitano huweza kurudi kilimani navyo vinne.

Ungeuliza: mbona hawaiachi kazi isiyolipa? Kwa sababu si fedha tu. Ni bondeni, penye udongo, ambapo binti hufundishwa na shangazi yake, ambapo wajane hupata wa kulia naye, ambapo hakuna anayeambiwa akae mbali. Mtu aliyenyimwa mkeka kila mahali hawezi kuuacha mkeka wake mwenyewe kwa wepesi.

JINA NA KIKOMBE

Katika miaka ya karibuni mengi yamebadilika. Vitambulisho vya leo havitaji kabila. Mtu haruhusiwi kubaguliwa kwa asili yake, na Serikali hutumia kwa Watwa neno lenye maana ya walioachwa nyuma na historia. Katiba imeagiza kwamba Rais anapoteua maseneta wanane aikumbuke jamii iliyo nyuma. Chama chao cha kujisaidia kilibadili jina mwaka 2007, kikaitwa Jumuiya ya Wafinyanzi wa Rwanda, kwa kifupi COPORWA. Yaani walipotakiwa kuacha jina la asili, walichagua jina la kazi. Mwaka 2010 na 2011 nyumba za nyasi ziliondolewa nchi nzima na wengi wakapata mabati, ingawa zipo familia zilizopata taabu kwa kubomolewa kabla ya mpya kuwa tayari. Watoto wao wako shuleni, na baadhi wamefika chuo kikuu.

Hayo yote ni mema, na hayana budi kusemwa. Lakini sheria ina mpaka wake, nao ni mlango wa jikoni. Hakuna polisi awezaye kuwekwa kando ya mtungi kuangalia ni nani amepewa kikombe na nani kigae. Hapo mwenye amri ni mama wa nyumba.

Jioni ya siku ile, askari aliporudi kazini, binti alimkimbilia na swali lake. Baba alilisikiliza, akaweka kofia yake mezani, akakaa kimya kitambo.

"Nilipokuwa kwenye mafunzo," alisema hatimaye, "tulikuwa vijana mamia kadhaa, na tulipikiwa jiko moja. Hakuna aliyeulizwa ukoo kabla ya kupakuliwa. Nilikula sahani moja na mwenzangu miezi mingi. Siku ya kumaliza ndipo aliponiambia kwamba kwao ni wafinyanzi. Nikakumbuka nyumbani kwetu tulikuwa na kigae nyuma ya nyumba."

Mama yake, barazani, aliendelea kuchambua maharage kana kwamba hakusikia. Lakini alikuwa amesikia. Hakuwa mwanamke mbaya. Alilelewa hivyo na mama yake, naye na mama yake, na kigae kile alikiosha kila mara kwa uangalifu, akidhani kwamba usafi wa kigae ni ukarimu wa kutosha.

Baada ya majuma mawili bibi alirudi. Mama wa nyumba alikuwa amemwagiza mtungi wa maji, naye aliuleta kichwani kutoka kilimani, umefungwa kwa majani ya migomba. Ilikuwa saa ya chakula. Mama alitandika mkeka, akampa bibi mahali, akaweka sahani ya maharage yaliyopikwa katika chungu kile kile. Bibi alisita. Alitazama sahani, akamtazama mama mkwe aliyekuwa kwenye kigoda chake, kisha akatazama njia ya kutokea.

Kitambo kilipita ambacho kwa mke wa askari kilikuwa kirefu kuliko siku nzima. Mara mama mkwe akanyanyuka. Hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na birika na beseni, akainama kwa shida kwa sababu ya magoti yake, na akaanza kummiminia bibi maji ya kunawa. Viganja vilikuwa vile vile vilivyokingwa siku ya kwanza mlangoni. Safari hii maji hayakumwagika mavumbini.

Wote wakaketi kuuzunguka mkeka. Binti akaleta kikombe cha maua, na kikawekwa katikati. Bibi akaonja maharage, akatafuna pole pole, huku mama wa nyumba akimtazama usoni kama mwanafunzi angojaye matokeo ya mtihani.

"Ni matamu," bibi akasema, "ila moto ulikuwa mkali. Chungu hakipendi haraka."

"Hata mimi nilimwambia," akasema mama mkwe, na kumsogezea kikombe.